Mahali pa Kuchagua Pasipo Upanga

Sisi huku Garissa, ng'ambo ya Mto Tana, hatujambo, ila joto tu, na joto kwetu si habari mpya. Chukueni Biblia zenu, mfungue kitabu cha Yoshua, sura ya 20. Wekeni kidole hapo, kisha mtuvumilie kidogo, maana leo twataka kuanza na mchezo.

Kijana mmoja wa ushirika wetu alirudi nyumbani likizo na kompyuta yake. Jioni moja tulimkuta barazani, ameinama juu ya kioo, anabonyezabonyeza, hata salamu yetu hakuisikia mara ya kwanza. Tukamwuliza, "Mwanangu, wafanya nini?" Akajibu, "Shikamoo Mchungaji. Nacheza tu. Nimefika hekaluni." Neno hilo hekalu ndilo lililotukalisha kitako kando yake.

Mchezo wenyewe waitwa Dungeon Crawl Stone Soup. Hutengenezwa na watu wa kujitolea nao hutolewa bure. Asili yake ni mchezo wa mtu mmoja aitwaye Linley Henzell, wa miaka ya 1990, na huu wa sasa ulianza mwaka 2006. Mchezaji ni kama msafiri anayeshuka pangoni, ghorofa baada ya ghorofa chini ya ardhi, akitafuta kito kilichofichwa huko chini kabisa. Kila ghorofa ina madude yanayotaka kumwua. Akifa, amekufa, haruhusiwi kuendelea pale alipoangukia, sharti aanze upya toka juu.

Lakini katika ghorofa mojawapo, kati ya ile ya 4 na ile ya 7, iko ngazi iendayo mahali pa namna nyingine. Ni hekalu. Humo hakuna dude lililowekwa kumvizia mtu. Mna madhabahu nyingi, kila moja ya mungu wake. Yuko apendaye vita, asiyetaka wafuasi wake waguse uchawi, yuko aponyaye, yuko atoaye silaha. Mchezaji hutembea polepole toka madhabahu hii hata ile, husoma kila mungu atoa nini na adai nini, na akitaka humchagua mmoja. Akitaka pia aweza kupanda ngazi na kwenda zake asichague kitu.

Tukamwuliza, "Na akiisha kuchagua, kisha akamwacha huyo mungu?"

"Wengi wao hukasirika, Mchungaji. Humwandama na adhabu muda mrefu. Kwa hiyo hapa mtu hakimbilii. Hapa ndipo unapumua kwanza, unasoma, halafu unaamua."

Twajua wengine wenu mwasema tungemkemea. Miungu ya kubuni, vinyago vya kwenye kioo! Twakiri kwamba tulianza kumweleza habari za amri ya kwanza, naye alisikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza. Lakini usiku ule usingizi haukuja upesi. Waliotunga mchezo huo si wahubiri, wala hatudhani kwamba walikuwa wakisoma Biblia walipoutunga. Hata hivyo wameona jambo ambalo sisi wenye Biblia mkononi twalisahau, kwamba mtu anayefukuzwa hawezi kuchagua mungu. Mwenye kufukuzwa hushika lolote lililo karibu. Ili achague, apewe kwanza mahali ambapo hakuna wa kumwua.

Basi, rudini pale mlipoweka kidole.

Katika Yoshua 20 Bwana aagiza itengwe miji sita ya makimbilio, mitatu upande wa magharibi wa Yordani na mitatu upande wa mashariki. Majina yake ni Kedeshi, Shekemu na Hebroni. Tena Bezeri, Ramothi na Golani. Mtu aliyemwua mwenzake bila kukusudia, tuseme shoka limechomoka mpinini wakikata miti mwituni, kama Kumbukumbu la Torati 19 inavyotoa mfano, aliweza kukimbilia huko kabla mlipiza kisasi cha damu hajamfikia. Angalieni utaratibu wake. Alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji shauri lake, nao wakampokea na kumpa mahali pa kukaa. Miji hiyo haikuwa ya Waisraeli peke yao. Mgeni aliyekaa kati yao alikuwa na haki ileile. Tena iko amri ndogo ambayo wasomaji wengi huipita: Bwana aliwaagiza watengeneze njia ya kufikia miji hiyo. Mtu akiuawa njiani, mji ule umemfaa nini? Neno hili la njia lishikeni, maana tutakutana nalo tena tukifika barabara ya Mandera.

Sasa ruka mpaka sura ya 24. Yoshua amezeeka. Awakusanya makabila yote ya Israeli ili wachague watakayemtumikia. Wengi wetu tumeihubiri sura hii kwenye arusi na kwenye kuweka wakfu nyumba mpya, maana twayapenda yale maneno ya Yoshua juu ya nyumba yake. Yametundikwa kwenye kuta za sebule nyingi. Lakini ni nani kati yetu aliyeuliza, Yoshua aliwakusanyia wapi? Sura ya 24, mstari wa kwanza kabisa. Shekemu! Mji uleule uliotengwa katika sura ya 20 uwe makimbilio. Watu waliitwa kumchagua Mungu mahali ambapo mlipiza kisasi hakuruhusiwa kuchomoa upanga wake.

Hatusemi kwamba Biblia yaeleza hiyo kuwa ndiyo sababu. Haielezi. Shekemu palikuwa na mambo mengine ya kukumbukwa: Ibrahimu alijenga hapo madhabahu alipofika Kanaani, na Yakobo alizika hapo, chini ya mwaloni, miungu ya kigeni iliyokuwa nyumbani mwake. Hata hivyo sura hizo mbili zakaa karibu sana, na sisi twaona si bure.

Tazameni pia jinsi Yoshua anavyosema nao. Aweka mbele yao miungu yote wanayoweza kuichagua, kama zile madhabahu za mchezo wa kijana wetu: miungu ambayo baba zao waliitumikia ng'ambo ya Mto, miungu ya Waamori wenye nchi ile, na Bwana. Hafichi hata mmoja. Watu wakajibu upesi kwamba watamtumikia Bwana. Je, Yoshua alishangilia? Alihesabu mikono? La, aliwazuia! Aliwaambia kwamba hawataweza, kwa kuwa Mungu huyu ni mtakatifu, ni mwenye wivu, na wakimwacha yatawapata mabaya. Ni mhubiri gani wa leo, akiona watu arobaini wamepita mbele, atawaambia warudi wakafikiri kwanza? Sisi hatujawahi. Yoshua aliwauliza tena, na walipokaza neno lao ndipo alipofanya agano nao, akasimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni liwe shahidi.

Tulimsimulia kijana wetu habari hizi siku iliyofuata. Akatikisa kichwa, akasema, "Lakini Mchungaji, sikukuambia yote. Dude likiwa limekushika karibu kabisa wakati unapoteremka ngazi, huteremka pamoja nawe. Mtu aweza kuingia hekaluni na adui yake ubavuni."

Tukanyamaza. Yeye hakuwa akifikiria lolote zaidi ya mchezo wake. Sisi tulikuwa tukiifikiria Garissa.

Shekemu ileile iliyokuwa makimbilio ndiyo iliyoteketezwa na Abimeleki. Yasomeni mambo hayo katika Waamuzi 9. Watu wa mnara wa Shekemu walikimbilia ngome ya hekalu la El-berithi, mungu wao, wakidhani kwamba humo watapona. Abimeleki akakata matawi katika mlima Salmoni, watu wake nao wakakata, wakayarundika juu ya ngome, wakatia moto. Walikufa kama watu 1,000, wanaume kwa wanawake. Mungu wao si Mungu wetu, wapendwa, lakini watu ni watu, nao walikuwa wameingia mahali palipoitwa patakatifu.

Na kwetu ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Julai 2012. Ibada ilikuwa inaendelea katika kanisa la AIC hapa Garissa mjini. Wavamizi waliwaua askari wawili waliokuwa wakilinda, wakachukua bunduki zao, wakarusha maguruneti na kuwapiga risasi watu waliokuwa wakisali. Walikufa watu wasiopungua 17, na makumi wakajeruhiwa. Asubuhi hiyohiyo guruneti lilirushwa pia katika kanisa kuu la Wakatoliki, na baadhi ya watu wakaumia. Tangu hapo mtu aliyekuwa akiingia kanisani Garissa alitazama kwanza mlango, kisha dirisha, ndipo akafungua kitabu cha nyimbo. Wako waliotwambia kwamba kwa muda mrefu hawakuweza kufumba macho wakati wa maombi. Hatukuwalaumu. Bwana asikia maombi ya macho wazi.

Ilitokea nini baada ya siku ile? Sehemu hii haihadithiwi sana huko bara, nasi twapenda ifike mbali. Viongozi wa Waislamu wa Kenya walikutana na viongozi wa makanisa, wakatangaza kwamba vijana wao wa Garissa watayalinda makanisa. Tafakarini jambo hilo. Mji huu ni wa Wasomali na wa Waislamu. Wakristo wengi hapa ni walimu, wauguzi, askari, makarani na wafanya biashara waliotoka mikoa mingine. Tulikuwa wachache, tena wageni. Nao wakasema watasimama langoni petu. Kumbukeni wazee wa Shekemu walivyosimama langoni wakamsikiliza mkimbizi.

Wala si jambo lililoingia Usomalini kwa gazeti. Jirani zetu Wasomali wana neno la kale katika sheria za mila zao, biri-ma-geydo, maana yake wale ambao mkuki hauwagusi. Ni wanawake na watoto, wazee na wagonjwa, mgeni aliye chini ya ulinzi wa mwenyeji wake, na watu wa dini. Hata koo mbili zikipigana, hao hawakuguswa. Aliyewagusa aliaibisha ukoo wake wote. Tena mkoa wenyewe umekuwa makimbilio kwa miaka mingi. Kambi za Dadaab, zilizo katika kaunti hii ya Garissa, zilifunguliwa mwaka 1991 wakati Somalia iliposambaratika. Zile tatu za kwanza, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilipangwa kwa watu 90,000, nazo zikaja kujaa kupita mara tatu ya hapo. Watoto wamezaliwa humo, wakakua, wakazaa.

Basi waliokuja kutuua walivunja pia sheria ya babu za wenyeji wetu. Hilo lastahili kusemwa redioni kwa sauti, maana wako Wakristo wanaowaweka wauaji na majirani katika kapu moja. Sisi tumekaa nao, twajua si kapu moja.

Sasa twende katika jambo lililo gumu zaidi. Adui wa miaka ile hakuua ovyo tu. Aliuliza swali la dini. Tarehe 22 Novemba 2014, katika Kaunti ya Mandera, basi liendalo Nairobi lilisimamishwa alfajiri. Wasafiri wasio Waislamu walitengwa, na walioshindwa kukariri walichoambiwa wakauawa: watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo ya mwisho wa mwaka. Siku kumi baadaye wachimbaji wa mawe 36 wakauawa machimboni karibu na mji wa Mandera. Na Alhamisi kabla ya Pasaka, tarehe 2 Aprili 2015, wavamizi waliingia hapa kwetu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kabla ya mapambazuko. Wanafunzi Wakristo waliokuwa wamekusanyika darasani kwa maombi ya asubuhi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Hesabu ya waliokufa siku ile ilikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Mtu akiwa amelala kifudifudi na mtutu umeelekezwa kisogoni, aulizwapo, "Wewe dini gani?", hilo si swali la Yoshua. Lina maneno yaleyale, lakini si swali moja. Yoshua aliuliza mahali pa makimbilio, akawazuia waliojibu haraka, akawauliza tena. Huyu auliza ili aue. Ndiyo maana twasema, nasi tumelifikiri neno hili miaka mingi: wale wanafunzi hawakumchagua Kristo asubuhi ile ya Alhamisi. Walikuwa wamemchagua zamani. Mmoja alimchagua kwenye shule ya Jumapili akiwa mtoto, mwingine kwenye kambi ya vijana, mwingine usiku peke yake bwenini, mahali palipokuwa na utulivu. Mbele ya bunduki hawakuchagua; walikutwa tayari ni wake. Bunduki haiwezi kumfanya mtu awe Mwislamu wala Mkristo. Yaweza kumfanya maiti, au mwongo kwa dakika tano, basi.

Na yule aliyesema uongo kwa dakika tano? Twajua mwauliza, kwa kuwa barua zenu zimeuliza. Twende sasa kwenye ile njia tuliyoahidi.

Tarehe 21 Desemba 2015, mwaka mmoja na mwezi mmoja baada ya yale mauaji ya basi, basi lingine lilikuwa likienda Mandera. Karibu na El Wak likavamiwa. Likasimama, na amri ikatoka ileile: Waislamu upande huu, Wakristo upande ule. Wasafiri Waislamu wakakataa kutengana. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa Wakristo walioketi karibu nao mitandio yao wajifunike, na watu wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Mandera, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, akafa kwa jeraha lake hospitalini Nairobi mwezi Januari 2016. Habari hiyo ilifanywa sinema fupi iitwayo Watu Wote, iliyotengenezwa na Katja Benrath na wenzake wa chuo cha Hamburg mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Oscar huko Marekani.

Basi mama Mkristo aliyekaa ndani ya basi lile, amejifunika mtandio wa jirani yake, hakusema neno: je, alimkana Bwana?

Tumesikia mahubiri yanayosema ndiyo. Tulimsikia ndugu mmoja, mwenye kanisa lenye ukuta na walinzi, maili nyingi kutoka El Wak, akisema kwamba mama huyo alipaswa kuuvua mtandio na kusimama. Twamheshimu ndugu huyo, lakini tulitoka nje kabla hajamaliza. Kitabu kilekile cha Yoshua, sura ya 2, chatueleza habari za Rahabu wa Yeriko. Wapelelezi wawili wa Israeli walipotafutwa wauawe, mwanamke huyu, aliyelelewa kati ya miungu mingine, aliwapandisha darini akawafunika kwa mabua ya kitani. Je, wale watu wawili walimkana Mungu wa Israeli kwa kulala kimya chini ya mabua? Hakuna mahali Biblia inapowashutumu. Tena Rahabu aliyewafunika atajwa kwa sifa katika Waebrania 11, na jina lake limo katika ukoo wa Bwana wetu, Mathayo 1. Mtandio wa mama Mwislamu kwenye barabara ya Mandera ni mabua ya kitani. Hatumwoni aliyefunikwa kuwa mwasi. Na aliyefunika, aliyeweka shingo yake mwenyewe mahali pa upanga ili mwenzake abaki na Mungu wake, huyo twamwachia Bwana amlipe, maana sisi hatuna cha kumlipa.

Wala msitusikie vibaya. Waliokufa katika basi la kwanza na wale wa chuoni hatuwapimi na hawa wa basi la pili. Mizani hiyo haiko mikononi mwetu.

Mnaona basi jinsi makimbilio yanavyofanyika. Hekalu la kwenye mchezo ni salama kwa sababu mtunzi ameandika hivyo. Kanisa la AIC lilikuwa na kuta, mnara wa Shekemu ulikuwa na ngome, na kuta hazikufaa kitu. Basi la El Wak lilikuwa mabati na vioo katikati ya nyika, likawa makimbilio kwa robo saa kwa sababu watu waliokuwamo walikataa. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 32, yasema kila mtu ana uhuru wa dhamiri na wa dini, na kwamba asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake. Twaishukuru. Lakini ibara haipandi basi, hupanda watu.

Sasa tujitazame sisi wenyewe, maana mpaka hapa tumewasema watu wengine, na hiyo ni kazi rahisi. Upanga una namna nyingi, na mwingine ni wa unga.

Mwaka mmoja wa ukame, hatutautaja, tulikuwa katika ushirika mdogo kaskazini ya hapa. Ng'ombe walikuwa wamekufa njia nzima, na ngamia wameanza. Unga wa msaada ulifika kwa lori, nasi tukapewa kazi ya kuugawa. Tukapanga ugawiwe baada ya mahubiri. Hatukumkataza mtu yeyote, wala hatukumwambia mtu abadili dini. Tulipanga tu kwamba neno litangulie, unga ufuate. Akina mama wa vijijini walikaa juani na watoto wao, saa moja na nusu, wakatusikiliza tukieleza Yohana 3. Mwishoni tuliuliza ni nani amtakaye Yesu. Mikono mingi iliinuka. Usiku tuliandika hesabu katika daftari, tukamshukuru Mungu.

Asubuhi mzee mmoja Msomali, jirani yetu, alikuja kunywa chai, kama desturi yake. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ni rafiki yangu, nitakuuliza. Yule mama aliyeinua mkono jana, kama unga ungekuwa kwa mhubiri mwingine, angeinua mkono kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimmiminia chai nyingine. Alipoondoka tulilichukua daftari, tukaupasua ule ukurasa.

Yule mama alikuwa hekaluni na dude ubavuni mwake, na dude hilo ni njaa, nasi ndio tuliomteremshia ngazini. Kama Yoshua angalikuwapo, angaliwarudisha wote nyumbani na unga wao, awaambie waje siku nyingine wakiwa wameshiba, kama bado wataka. Na wangekuja wangapi? Huenda wawili. Huenda hata mmoja asije. Hesabu hiyo ndogo ndiyo ingalikuwa ya kweli. Wala tusidhani kwamba ni huku kwenye ukame tu. Mwajiri Mkristo anayemwambia mfanya kazi wake wa nyumbani kwamba wanaosali pamoja naye ndio anaowaamini zaidi, ameshika nini mkononi? Baba anayemwambia binti yake kwamba karo italipwa akibatizwa mwezi wa Agosti? Na kwa upande wa pili, yuko kijana wa Kisomali anayetaka tu kuuliza habari za Isa, kuuliza tu, naye hana hata kivuli cha mti ambapo aweza kuuliza bila ukoo wake kumkasirikia. Yuko pia kijana wa Kikristo mwenye maswali juu ya Uislamu, anayejua kwamba akiyatamka kanisani ataombewa kwa kuwekewa mikono kabla hajamaliza sentensi. Wote wawili wafukuzwa. Hapo mtu hachagui, huficha tu.

Kijana wetu wa kompyuta alituuliza swali moja la mwisho kabla hajarudi chuoni. Alikuwa amekwisha kufunga begi. "Mchungaji, kanisani kwetu, mtu aweza kuingia, akasoma, akatazama, kisha akapanda ngazi akaenda zake, na asionwe kuwa adui?"

Tulimwambia tutamjibu kwa barua. Tuliketi na wazee wa kanisa Jumatano mbili mfululizo juu ya swali hilo, na mkutano wa pili ulikuwa na kelele. Walikubali mambo mawili. La kwanza, benchi la nje chini ya mwarubaini liachwe pale lilipo, na mtu anayesikiliza toka hapo wakati wa ibada asifuatwe wala asiandikwe jina. Akitaka chai apewe. La pili ni la unga. Msaada ukija hugawiwa Jumanne, mbele ya ofisi ya chifu, wala si kanisani. Mchungaji hubeba magunia kama watu wengine, wala hahubiri. Wako wazee wawili waliopiga kura ya kupinga, nao wangali wakipinga. Wasema tunapoteza nafasi.

Barua tuliipeleka. Juma lijalo, Bwana akitujalia, tutasoma Yohana sura ya 4, habari za yule mwanamke kisimani pa Yakobo, palipo karibu na Shekemu hiihii, ambapo Bwana aliketi saa sita mchana akaanza kwa kuomba maji. Someni mapema, mstari wa 1 hadi wa 42. Kwaherini.